Usiuite Mti Huo Tasa

Nyuma ya nyumba yangu hapa Mbuba, Wilaya ya Ngara, pana mti wa mapambo ambao majirani zetu Waganda huuita kifabakazi. Maua yake ni makubwa, mekundu, yenye ukingo wa manjano, na hukaa juu kabisa ya mti kama makaa yaliyopulizwa. Watoto huyapenda matumba yake kwa sababu yana maji ndani. Ukiyatoboa na kuyabana hurusha maji usoni mwa mwenzako. Lakini kwa miaka zaidi ya thelathini mti huo ulitoa maua bila kutoa hata mbegu moja. Maua yalichanua, yakaanguka, tukayafagia, basi. Na kila mgeni aliyeketi kivulini pake hakukosa kusema: "Mwalimu, mti wako huu ni tasa."

Naandika kuligombeza neno hilo. Sina ugomvi na wageni wangu, maana na mimi nililisema, tena mahali pabaya zaidi kuliko kivulini pa mti. Ndugu msomaji, nivumilie nikueleze kwanza habari za mti, kisha nitakueleza nililosema.

Mti huo aliupanda marehemu baba mwaka 1962. Alikata kipande cha tawi katika mti uliokuwa kwenye bustani ya watu aliowafanyia kazi, akakisimika ardhini, kikachipuka. Majirani wawili walipoona maua yake walikuja kuomba, nao wakapewa vipande vya matawi. Hivyo kijijini kwetu ikawepo miti mitatu, yote mizuri, na yote haina mbegu. Mwaka 1994, wakimbizi walipovuka Rusumo kwa maelfu na maelfu wakikimbia mauaji ya Rwanda, miti mingi ya Ngara ilikatwa kwa kuni. Huu wetu ulipona. Nao haukupona kwa kuheshimiwa, bali kwa sababu kuni zake haziwaki vizuri. Watu wakazidi kuusema: hauzai, hauwaki, unafanya nini hapa?

Sasa niseme yangu. Kaka yangu mkubwa alioa mwaka 1979. Shemeji yangu alikuwa mwanamke mwenye mkono mwepesi shambani na mdomo mzito barazani, hakuwa msemaji. Ilipofika mwaka 1984 hawakuwa na mtoto, na kikao cha ukoo kikaitwa. Wazee walikaa chini ya mti ule ule. Mimi nilikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, mwalimu wa shule ya msingi, nimesoma, na wazee waliniomba niseme kwa niaba yao kwa kuwa "mwalimu anajua kupanga maneno". Nikayapanga. Nilinyoosha kidole juu, nikasema: "Wazee wangu, shikamooni. Mti tulioketi chini yake ni mzuri wa kutazama, lakini hakuna hata mmoja wetu anayeweza kurithi maua. Mti wa namna hiyo huachwa uani kwa ajili ya kivuli. Mke haoi mtu kwa ajili ya kivuli."

Wazee walicheka, wakapiga makofi. Nilijiona hodari. Shemeji alikuwa ameketi mkekani pamoja na mama, na alisema jambo moja tu: "Shemeji, wewe ni mwalimu. Umeuliza kwa nini hauzai, au umeutazama tu?" Hakuna aliyemjibu. Wiki hiyo alirudishwa kwao na sanduku lake la bati.

Kaka alioa tena mwaka uliofuata. Miaka kumi ikapita, na mke wa pili naye hakupata ujauzito. Unadhani ukoo ulisema nini? Ulisema kaka ana bahati mbaya, ameangukia tasa wa pili. Na yule wa kwanza, aliyeitwa mti wa kivuli, aliolewa Biharamulo, akazaa watoto watatu. Habari hizo zilitufikia, nasi tukazimeza kimya kimya kama mtu anayemeza mfupa wa samaki mbele ya wageni. Hakuna kikao kilichoitwa. Vikao vya ukoo hujua kuitana kuhukumu, havijui kuitana kutubu.

Swali la shemeji lilinikaa kooni miaka kumi na mitatu. Mwaka 1997 alipita nyumbani bwana miti mmoja, nikamkaribisha uji. Alipoinua macho akaona maua, nami kwa mazoea nikamwambia kwamba mti huo ni tasa. Aliweka kikombe chini, akaniuliza: "Mwalimu, mwenzake yuko wapi?"

Nikamwambia wenzake wapo wawili, kwa jirani. Akauliza walitoka wapi. Nikamwambia ni matawi ya huu huu. Akatabasamu. "Basi mwenzake hayupo. Hiyo si miti mitatu. Ni mti mmoja uliosimama mahali patatu."

Alinifafanulia, nami nimesoma zaidi tangu siku hiyo, na jambo lenyewe liko hivi. Ua la kifabakazi lina sehemu ya kiume inayotoa chavua, na sehemu ya kike inayobeba vijiyai vya mbegu. Ndege chozi huja kunywa mbochi, yaani maji matamu ya ua, na usiku huja popo. Nao huondoka na chavua mwilini na kuipeleka katika ua jingine. Lakini mti huu una sheria yake: haukubali chavua yake wenyewe. Utafiti wa wataalamu wa mimea uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba chavua ya mti mwenyewe huingia hadi ndani kabisa, hufika kwenye vijiyai, na hata hivyo ua hukataa na kudondoka baada ya siku chache. Lisitengenezwe tunda la ndoa ya mtu na nafsi yake! Mti unataka chavua ya mti mwingine, uliozaliwa kwa mbegu nyingine. Na mti uliopandwa kwa kipande cha tawi si mti mwingine. Ni yule yule kwa damu, kwa kila kitu, hata ukiupanda ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo chozi wetu wa Mbuba walifanya kazi yao kwa uaminifu kwa miaka thelathini na mitano, wakitoa chavua kwa baba na kuipeleka kwa jirani, na kumbe walikuwa wanaitoa mfuko wa kulia na kuitia mfuko wa kushoto wa koti moja. Mti haukuwa na kasoro yoyote. Ulinyimwa mwenzi, kisha ukalaumiwa kwa kukosa mtoto.

Sikutaka kuamini kwa kusikia. Mwaka 1998 nilipata mbegu za kifabakazi kutoka upande wa Bukoba, mbegu nyepesi zenye bawa jembamba linalopitisha mwanga, nikazisia. Miche mitatu iliota, mmoja ukaliwa na mbuzi, miwili ikakua. Mwaka 2003 mmoja ulichanua kwa mara ya kwanza, wakati mmoja na ule wa baba. Wiki chache baadaye, kwenye mti wa baba, mahali palipoanguka maua pakaonekana vidole vya kijani vilivyoelekea juu. Vilirefuka, vikawa maganda magumu, yakakauka, yakapasuka katikati kama mitumbwi midogo, na upepo ukamwaga mbegu kwa mamia juu ya paa, kisimani, hadi kwenye shamba la maharage. Mke wangu alilalamika kufagia. Mimi nilikaa kwenye kiti nikatazama, na sikusema kitu siku nzima.

Tena sikia hili, wewe uliyezoea kuuita mti huo tasa. Watu waliuchukua mti huu wa Afrika wakaupanda kwa ajili ya uzuri katika visiwa vya bahari ya Pasifiki, kama Fiji na Hawaii. Huko umezaa mpaka watu wamechoka. Umeingia misituni na mashambani, na umewekwa kwenye orodha ya viumbe 100 waharibifu kupita wengine wote duniani kati ya wale waliohamia mahali pasipo pao. Mti ule ule! Mbuba unatukanwa kwa kutozaa, Fiji unatukanwa kwa kuzaa kupita kiasi. Sasa utasa uko wapi? Uko kwenye mti, au uko kwenye mahali na hali tulizouwekea mti?

Hapa najua mtu ataniambia: "Mwalimu, mti ni mti na mke ni mke." Kweli kabisa. Laiti ningeambiwa hivyo mwaka 1984, kabla sijanyoosha kidole juu! Lakini kwa kuwa ni sisi tuliouingiza mti katika hukumu ya mtu, basi mti nao usikilizwe ushahidi wake mpaka mwisho. Na si kifabakazi peke yake. Niite mashahidi wengine watatu, wote wa Mkoa wetu wa Kagera.

Shahidi wa kwanza ni mpapai. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba upo mpapai unaotoa maua mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, wala hauzai. Tunauitaje? Tunauita mpapai dume. Hatuuiti tasa, hatuuitii kikao, tunasema tu kwamba huo ni dume. Kumbe shambani tunajua vizuri kwamba yapo maua ya kiume, na kwamba tunda ni kazi ya wawili! Tukivuka kizingiti cha nyumba tunasahau. Shambani tuna jinsia mbili, nyumbani tuna mtuhumiwa mmoja.

Shahidi wa pili ni vanila, inayolimwa na wenzetu wa Bukoba. Asili yake ni Mexico. Ilipopelekwa nchi nyingine ilistawi na kutoa maua, lakini haikutoa maganda, kwa kuwa wadudu walioichavusha kwao hawakusafiri nayo. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili, Edmond Albius, alionyesha jinsi ya kuichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Mpaka leo mkulima wa vanila huamka asubuhi kwenda kuchavusha ua moja moja kwa mkono, maana ua halimalizi siku. Vanila haikuwa tasa. Ilihitaji msaada, na msaada ulikuwa mdogo kama kijiti.

Shahidi wa tatu ndiye mzito, nami simfichi kwa kuwa anasema jambo ambalo wengine wangependa lisisemwe. Ni mgomba. Mgomba wetu wa ndizi za kupika hauna mbegu kwa sababu iliyo ndani yake wenyewe. Mimea mingi hurithi seti mbili za kromosomu, moja ya mama na moja ya baba. Mgomba huu una seti tatu, na tatu hazigawanyiki sawa kwa wawili, kwa hiyo mbegu haziundwi. Migomba ya porini ina mbegu ngumu kama vijiwe. Wa kwetu hauna, nao huendelea kwa machipukizi. Huo haungoji mwenzi wala kijiti cha mkulima. Lakini nani katika Kagera nzima amewahi kuutukana mgomba? Umewalea babu zetu, umetulea sisi, umetupa chakula, pombe ya harusi, kamba, majani ya kuezekea na ya kufunikia chungu. Kwa hiyo hata pale ambapo sababu iko ndani ya mtu kweli, na haina dawa, utu wake haupungui hata chembe. Anayepima thamani ya kiumbe kwa mbegu tu, na aanze kwa kuikataa sahani ya ndizi mezani pake.

Sasa nirudi kwa wanadamu, maana ndiko nilikotenda kosa.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo la kukosa uzazi wakati fulani katika maisha yake. Hesabu hiyo ni ya wake kwa waume. Na madaktari wanatuambia kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo mwanamume ana sehemu yake, ama yeye peke yake, ama pamoja na mkewe. Kwa hiyo ukoo unaomhukumu mwanamke bila kumpima mwanamume ni sawa na hakimu anayerusha sarafu juu, kisha akaificha iliyoangukia upande asioupenda.

Wanaume wenzangu hujibu: "Mimi nina nguvu zangu, haiwezekani kosa liwe kwangu." Ndugu yangu, umechanganya mambo mawili. Nguvu za kiume ni jambo moja na mbegu za kiume ni jambo jingine. Mpapai dume una nguvu, umesimama wima na kutoa maua mwaka mzima. Mbegu hazionekani kwa macho wala kwa majivuno. Zinaonekana kwa hadubini, zikahesabiwa na kutazamwa mwendo wake. Kipimo hicho ni chepesi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mwanamke, ambavyo vingine huhitaji kupigwa picha na hata kupasuliwa. Akili ya kawaida ingetaka tuanze na kilicho chepesi. Sisi huanza na kilicho kigumu, na mara nyingi huishia hapo, kwa kuwa aliyezoea kulaumiwa ndiye anayekubali kwenda hospitali.

Tena tujiulize sababu zenyewe. Kisonono na klamidia zisipotibiwa huziba mirija ya uzazi ya mwanamke, na zinaweza kuharibu njia za mbegu za mwanamume pia. Mara ngapi mke ameletewa ugonjwa na mume kutoka safarini, akaugua kimya, mirija ikaziba, kisha mume yule yule akaitisha kikao kulalamika kwamba hazai? Uchafu wakati wa kujifungua au mimba kuharibika nao huleta madhara kama hayo. Matubwitubwi yanayompata mvulana aliyebalehe yanaweza kudhuru korodani zake. Katika mambo yote hayo, onyesha ni wapi penye laana au uchawi. Hapana. Pana vijidudu, pana umbali wa zahanati, na pana aibu inayowazuia watu kusema mapema.

Wengine hukimbilia mila. Mimi ni mtu wa mila, nami nasema mila njema haiogopi kuulizwa. Wazee wetu waliokagua udongo kabla ya kupanda mtama, na kukagua jino la ng'ombe kabla ya kumlipia mahari, hawawezi kuwa ndio waliotufundisha kuhukumu bila kukagua. Na wanaokimbilia sheria wakumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilipoorodhesha mambo yanayoweza kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, ilitaja ugoni, ukatili, utelekezaji na mengineyo, lakini kutozaa hakumo katika orodha hiyo. Tuliyoyafanya chini ya mti wetu hayakuwa na daktari, hayakuwa na hakimu. Yalikuwa na mwalimu mmoja anayejua kupanga maneno.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Sisemi sasa tuwageuzie kibao wanaume, tuwaite wao tasa au wagumba na kuwafukuza kwa zamu. Kaka yangu naye aliteseka. Mwaka 2005 nilimwambia habari za mti na nikamsihi aende kupimwa. Alikwenda akiwa mtu mzima wa nywele nyeupe, akarudi na karatasi, akanipa niisome, akaniambia: "Mdogo wangu, karatasi hii ingekuja mapema ningekuwa na mke wangu." Hakusema angekuwa na mtoto. Alisema angekuwa na mke wake. Kabla hajafariki alinitaka niyaandike haya yote, bila kutaja majina, ili yasirudiwe katika nyumba nyingine. Nimemtii.

Shemeji nilimwona mara moja baada ya hapo, kwenye msiba wa kaka. Alikuja kutoka Biharamulo na kijana wake wa pili. Nilimwamkia, nikamwomba radhi mbele ya watu wale wale, wachache waliobaki, kwa kuwa kosa la hadharani haliombewi radhi jikoni. Alinyamaza kidogo, akainama akaokota mbegu moja yenye bawa iliyokuwa imeangukia kanga yake. "Kumbe uliuliza," akasema. Kisha akaenda kukaa na wanawake wenzake. Sikupewa zaidi ya hilo, wala sikustahili zaidi.

Ndugu msomaji, najua katika mwezi huu huu, mahali fulani pasipo mbali na kwako, kuna mkeka unatandikwa kwa ajili ya kikao kama kile. Ukiitwa, nenda. Usikatae kwenda, maana nafasi yako itachukuliwa na mpanga maneno mwingine. Wakishamaliza kusema, uliza swali moja la bwana miti: mwenzake yuko wapi, naye amepimwa? Wakikwambia hajapimwa, waombe wakunje mkeka na warudi siku atakayokuwa amepimwa. Watakuchukia siku hiyo. Mimi nilipigiwa makofi siku yangu, na makofi yale ningali nayasikia kila ua linapoanguka.